Pua Iliyokuja Kumpima Mama

Mama alianza kusikia harufu wakati ule ule ambao mimi nilikuwa nimeacha kusikia harufu yoyote. Mafua makali yalinipitia na kuondoka na pua yangu. Si pua yenyewe, ambayo bado imekaa usoni kwa ukubwa wake wote, urithi kutoka kwa baba yangu, bali kazi yake. Nilikuwa nakunywa chai ya tangawizi kama mtu anayekunywa maji ya moto yenye rangi. Daktari aliniambia itarudi. Hakusema lini, na mimi sikuuliza, kwa sababu nimesoma chuo kikuu na watu waliosoma chuo kikuu hujifanya wameelewa.

Tunaishi Old Kampala, juu ya maduka, ndani ya jengo ambalo lilikuwepo kabla yetu sote. Mimi naishi na Mama, au yeye anaishi na mimi, kutegemea nani ameulizwa. Alizaliwa Mombasa, akaolewa na polisi wa Uganda, mtu wa kaskazini, akahamia huku na Kiswahili chake chenye ngeli zote. Baba alikuwa na Kiswahili cha kambini chenye ngeli moja iliyomtosha kwa kila kitu. Alipofariki, watu walitaraji Mama arudi pwani. Alisema pwani hana jiko.

Asubuhi moja aliniita kutoka hilo jiko lake.

"Njoo unuse hapa."

"Mama, unajua sina pua."

"Wewe njoo tu. Labda imesharudi na haijakuambia."

Nikainama juu ya sinki. Nikavuta pumzi mpaka nikaona nyota. Sikusikia kitu.

"Ni kama yai," alisema. "Si yai bovu hasa. Ni kama yai lililochemshwa likasahauliwa ndani ya maji yake, halafu mtu akaja akazima kiberiti juu yake."

Mimi hujipatia riziki kwa kuandika insha, na nilitambua kwamba mwanamke huyu alikuwa amesema kwa pumzi moja kitu ambacho kingenichukua ukurasa mzima. Nikamsifu. Akaniangalia kama unavyomwangalia fundi bomba anayesifu maji yanayovuja.

Harufu iliendelea. Ilikuja ikaondoka, ikarudi. Nilikagua mtungi wa gesi, nikapaka povu la sabuni kwenye mpira wake kuanzia mwanzo hadi mwisho, nikakaa nikisubiri viputo. Hakuna hata kimoja. Nilisugua sinki. Nilifukua nyuma ya kabati na kupata kijiko tulichokuwa tumemshuku mpangaji wa zamani kukiiba. Harufu, alisema Mama, bado ipo.

Jumapili alikuja dada yangu mkubwa, kama kawaida yake, akitokea kanisani. Yeye ni mlokole, aliokoka akiwa msichana, na Mama ni Mwislamu, na nyumba yetu ilishazoea mambo hayo tangu zamani: kila mtu anamwombea mwenzake na chakula kinaliwa. Dada anaishi Entebbe kwenye nyumba yenye vyumba vingi kuliko watu. Alinusa jikoni, akanusa chooni, akanusa hata viatu vyangu, mkono mmoja ukiwa tayari kuziba pua. Hakusikia chochote.

Kwanza akakemea pepo, kwa tahadhari tu. Wiki iliyofuata akaja na maneno ya daktari wanayesali naye. Daktari huyo alisema mzee anayesikia harufu ambazo hazipo anafaa kupimwa, na labda si vizuri aachwe na jiko la gesi. Juu ya hiyo "labda" dada yangu akajenga nyumba nzima. Chumba cha Mama kule Entebbe kilikuwa tayari. Alikuwa ameshaongea na msichana wa kumpikia.

"Mama anawasha gesi ndani ya nyumba, na wewe unayemlinda huna pua," aliniambia. "Hii si nyumba, mdogo wangu. Huu ni mtego."

"Gesi haivuji. Nimeikagua."

"Ndiyo ninachosema! Haivuji. Sasa harufu iko wapi?" Akagusa paji lake la uso kwa kidole, taratibu, ili Mama asione.

Mama aliona. Alikuwa anachagua mchele, na hakuinua kichwa.

"Nikitoka nyumba hii kwa miguu yangu, nitarudi," alisema. "Lakini mkinitoa kwa sababu ya pua, sirudi. Mkishanitoa hivyo hamtaniamini tena, hata nikiwaambia mvua inanyesha."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hatukuwa tunabishana kuhusu Entebbe. Nikavuta kiti nikamsaidia kuchagua mchele, nikawa natupa punje na kubakiza mawe.

Aliyependekeza mashine ni binti wa dada yangu. Anafundisha uhandisi chuo kikuu, na kwa muda mrefu amekuwa akiunda kitu anachokiita pua ya kielektroniki, kwa ajili ya maghala ya mahindi, ili ukungu ugunduliwe kabla haujasambaa. Alipopata habari za ugomvi wetu alinipigia simu.

"Mjomba, kwa nini mnabishana? Nitaleta pua."

Dada alikubali mara moja. Anaamini mashine za mwanawe kama anavyoamini Biblia, isipokuwa Biblia ameisoma. Cha kushangaza, Mama pia alikubali. Alisema lile litakalosemwa na hiyo pua yeye atalifuata, na ikisema hakuna harufu, atafunga nguo zake. Akauliza swali moja tu: "Itakuja na nani?"

Ilikuja na mpwa wangu, katikati ya wiki, ndani ya mkoba wa mgongoni. Mama alikuwa amevaa leso mpya na kutandika meza kitambaa kilichotariziwa, kile cha posa na cha matanga.

"Mgeni amefika?" aliuliza.

"Amefika, Bibi," mpwa wangu alijibu, akamweka mgeni juu ya kitambaa.

Ilikuwa sanduku la ukubwa wa boksi la viatu, na feni ndogo upande mmoja, kioo kidogo cha maandishi, na kipande cha mpira cha kuvutia hewa. Ndani mlikuwa na vihisio vimepangwa kwa safu, vidogo, vya chuma, kama vifungo vya koti la askari.

"Hiki kinahisi nini?" niliuliza nikionyesha kimoja.

"Pombe. Na moshi, na gesi, na hayo manukato yako. Kila kimoja kinahisi karibu kila kitu, ila kila kimoja kwa kiwango chake. Hakuna hata kimoja kinachojua hiyo harufu ni ya nini."

"Sasa nani anajua?"

"Wote kwa pamoja. Tunaangalia nani amestuka sana na nani amestuka kidogo, tunalinganisha na kumbukumbu zake."

Hili lilinichanganya. Nimekaa kwenye kamati za chuo kikuu miaka mingi, na uzoefu wangu ni kinyume chake: kila mmoja anajua, na wote kwa pamoja hawajui kitu.

"Kwanza tunaivutisha hewa safi," akaendelea, "ili ijue sifuri yake iko wapi. Baada ya hapo, chochote kitakachozidi itakiona." Alisimama katikati ya sebule, akavuta pumzi ndefu, akatabasamu, akabonyeza kitufe. Feni ikalia kama nyuki aliyechoka. Tulikaa kimya kuiheshimu.

Kisha tukaenda jikoni, mpwa wangu mbele na sanduku, mimi nyuma na waya, Mama nyuma yetu na leso yake, na dada yangu kwenye simu kutoka Entebbe, sauti imefunguliwa. Kwenye jiko la gesi kioo kikaandika HEWA SAFI. Kwenye sinki, HEWA SAFI. Mama akasema, "Rudia." Ikarudiwa. HEWA SAFI.

Tulizunguka nyumba nzima. Chumbani kwangu ilisema KAHAWA, na mimi sinywi kahawa. Kwenye ngazi ilisema SAMAKI MKAVU, na kwenye ngazi zile hajapita samaki tangu nizaliwe. Nikaipumulia kwa mzaha. Ikafikiri. Ikaandika POMBE.

"Astaghfirullah," alisema Mama.

"Ni dawa ya kunyolea, Mama! Nimepaka baada ya kunyoa!"

"Mimi sijasema kitu."

"Mashine ya mwanangu haidanganyi," ilisema simu.

Nilimgeukia mpwa wangu. "Kwa nini inasema samaki?"

"Kwa sababu lazima iseme kitu, Mjomba. Ina majina machache, inachagua lile lililo karibu. Sijaifundisha kusema sijui."

"Ungeipeleka redioni ikachambue siasa."

Hakucheka. Alikuwa anaangalia kioo na ameuma mdomo.

"Jikoni," ilisema simu. "Achaneni na samaki. Jikoni imesema nini?"

"Hewa safi, Mama," mpwa wangu akamjibu mama yake.

Halafu dada yangu akasema, "Basi," kwa sauti ya mtu aliyeshinda kitu ambacho hakutaka kukishinda, akaahidi kuja na gari mwisho wa wiki.

Mama hakubisha, na hilo ndilo lililonitisha. Alirudi kwenye sinki peke yake, akainama, akanusa, akasimama wima. "Labda kweli ni mimi," alisema. Sijawahi kumsikia Mama akisema maneno hayo kwa jambo lolote, hata siku alipomwaga uji juu ya shekhe.

Jioni ile alibadilika mbele ya macho yangu. Aliniletea kikombe cha maziwa akaniuliza kama yamechacha. Mimi! Aliniita jikoni kuniuliza kama kitunguu kinaungua au kinakaangika tu. Niliangalia kitunguu, kwa kuwa macho ndiyo niliyobaki nayo, nikamwambia kinakaangika, na kikaungua. Kabla ya kulala nilimwona anakunja nguo kitandani, anazipanga vizuri, kama anayezipanga kwa ajili ya mtu mwingine.

Mpwa wangu alikuwa ameiacha mashine mezani ikiwa imewashwa, iendelee kuvuta hewa ya sebule. Asubuhi nilifungua dirisha la roshani, nikapita karibu yake nikiwa na chai yangu isiyo na ladha. Kioo kilikuwa kimeandika MAHINDI YENYE UKUNGU. Nikafungua madirisha yote. MAHINDI YENYE UKUNGU. Nilitoka nayo roshani, nikaielekeza msikitini kule kilimani, kwenye upepo. MAHINDI YENYE UKUNGU.

Nilimpigia simu. "Mji mzima umeota ukungu," nilimwambia. "Waarifu serikali."

Alikuja kabla ya kipindi chake cha kwanza, akaiunganisha na kompyuta, akakodoa macho. Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na nguzo za rangi, moja kwa kila kihisio. Nguzo zilitakiwa kusimama. Hizi zilikuwa zinaning'inia, chini ya mstari, kama popo.

"Hii haiwezekani," alisema. "Ziko chini ya sifuri. Yaani jana kulikuwa na kitu humu ndani, na leo hakipo."

"Mashine imekikosa?"

"Mjomba, tafadhali." Akamgeukia Mama. "Bibi, jana kabla sijafika kulikuwa na nini sebuleni?"

"Hakukuwa na kitu," alisema Mama. "Palikuwa safi kabisa. Nilifagia, nikapiga deki, nikafukiza udi."

Mpwa wangu alikaa chini.

"Ulifukiza udi."

"Mliniambia pua inaletwa, na huyo ni mgeni. Mgeni anapokewa vipi? Nilianza na chetezo jikoni, nikapita vyumbani, nikamalizia sebuleni, hapo hapo mezani mlipomweka. Na ule udi ni mzuri, nauweka kwa ajili ya Idi."

Nilimtazama mpwa wangu, yeye akanitazama mimi. Mimi nilikuwa na udhuru wangu. Yeye pua yake ni nzima.

"Mbona hukusikia?" niliuliza.

"Nilisikia," alisema polepole. "Niliingia, nikavuta pumzi, nikasema moyoni, ah, hapa kwa Bibi. Kwangu mimi, hii tangu utotoni siyo harufu. Ni hewa ya hapa." Akafunika uso. "Nimeiambia mashine kwamba udi ndiyo hewa safi. Jana jikoni udi ulikuwa umefunika kila kitu, ikasema safi. Leo hakuna, inaona dunia yote imeoza."

"Sasa mgeni amekasirika?" aliuliza Mama, ambaye alikuwa amefuata sehemu yake ya mazungumzo.

Ilibidi kuanza upya, na kuanza upya kulihitaji hewa safi. Nilikuwa sijawahi kufikiri ni wapi mtu anaipata Kampala. Roshani yetu inapokea moshi wa bodaboda. Juu ya paa kunafika moshi wa mtu anayekaanga chapati jengo la jirani. Uani kuna pipa la taka. Tulilibeba lile sanduku huku na huku kama watu wanaotafuta mahali pa kumzika paka. Mwishowe mpwa wangu alikimbia chuoni akarudi na kichujio cha mkaa wa maabara, akakifunga kwenye mpira wa mashine, ikavuta hewa kupitia hapo mpaka nguzo zikatulia. Kisha akabandika kipande cha karatasi juu ya kioo kidogo ili tusiyaone majina.

"Majina yanatupotosha," alisema. "Tutaangalia nguzo peke yake."

Kwenye jiko la gesi, nguzo zilitikisika kidogo tu. Kwenye sinki, mbili zilipanda. Alishusha mpira hadi pale bomba la maji machafu linapoingia sakafuni, kwenye tundu ambalo fundi fulani aliliacha kubwa kuliko bomba. Zile mbili zikapanda tena, na zikabaki juu.

"Hii siijui," alisema. "Si gesi ya kupikia, gesi ina umbo lingine. Mimi siisikii, lakini ipo."

Mama alikuwa ameshika mgongo wa kiti kwa mikono miwili. "Ipo?"

"Ipo, Bibi."

Nilitarajia ashangilie. Alisema tu, "Haya," akachukua kikombe kilichokuwa safi, akakiosha.

Mpwa wangu aliiwekea mashine harufu hiyo kwenye kumbukumbu, na kumbukumbu ikadai jina. "Bibi, ikikutana nayo tena iiteje?"

Mama alifikiri. "Iite Ile ya Chini."

Chini yetu, chini kabisa ya tundu lile, kuna duka la betri za sola. Mwenye duka ni Muganda, kijana mchangamfu, ambaye hununua betri zilizochoka na kuzichaji upya, amezipanga safu ukutani, hasa pale bomba letu linapopita. Mpwa wangu alisema betri kuukuu zikichajiwa kupita kiasi zinaweza kutoa harufu kama ya yai. Zinaweza, alisema. Hakusema zinatoa. Jumapili duka hufungwa, na dada yangu huja Jumapili. Kwa dakika moja kila kitu kilikuwa wazi kichwani mwangu, nikafurahi sana, kisha tukashuka na mashine kuongea na mwenye duka.

"Ssebo, bwana mkubwa, betri yangu hapana nuka," alisema. "Mimi nakaa hapa siku yote. Nasikia nini? Nasikia bule, hapana kitu."

"Labda umeizoea," nilisema.

"Na wewe, unasikia?"

"Mimi sina pua."

Alinitazama kwa huruma ya kweli. Kisha akakubali kuhamishia betri karibu na mlango wa nyuma, kwa heshima ya maama mzee, alisema, si kwa sababu ya hiyo redio yenu.

Dada alifika katikati ya wiki iliyofuata. Tulikuwa tumemwomba aahirishe gari, naye aliahirisha, lakini alitaka kuona kwa macho yake. Mpwa wangu alimweleza yote, udi na sifuri na nguzo na tundu. Dada alisikiliza ameegemea mlango wa jikoni na mkoba bado begani.

"Ngoja nielewe," alisema. "Mashine haikuijua hii harufu. Mama akaipa jina. Sasa mashine inasema jina alilolisema Mama, na huo ndio ushahidi wa Mama? Mahakama gani hiyo?"

"Iliihisi kabla haijapewa jina," alisema mwanawe.

"Na kabla ya hapo ilihisi samaki."

Ilikuwa kweli. Nilifungua mdomo kumtetea Mama na nikagundua kwamba sijui ninamtetea kwa hoja gani. Mashine ilikuwa imemwamini Mama, sisi tulitakiwa kuiamini mashine, na katikati hapo kulikuwa na mahali ambapo mtu mwenye akili angesimama, lakini sikupaona.

"Iwashe," alisema dada.

Ikawashwa, ikavuta hewa ya kichujio, ikashushwa kwenye tundu. Karatasi ilikuwa imeshaondolewa kwenye kioo. Ikaandika: ILE YA CHINI.

Mpwa wangu akapumua. "Umeona, Mama?"

"Imekosea," alisema Mama yetu.

Sote tuligeuka.

"Haipo," alisema. "Tangu yule kijana ahamishe vitu vyake, haipo. Jana haikuwepo, leo haipo. Jikoni kuna kitunguu saumu na sabuni, basi."

"Bibi," mpwa wangu alisema kwa sauti ya chini, kama anayemnong'oneza mtahiniwa jibu, "mashine inasema ipo. Inakuunga mkono."

"Nimesikia. Mwambie asante. Lakini haipo."

Mpwa wangu alianza kueleza kwamba huenda imebaki kidogo ambacho pua ya mtu haikifikii, au vihisio vimechoka, au bomba lenyewe limeshika harufu ndani. Alitoa sababu tatu, na kila moja ilifuta iliyotangulia. Mimi niliinama nikanusa, kwa mazoea tu. Dada akaweka mkoba chini, akapiga magoti kwenye sakafu ya jikoni na gauni lake la ofisini, akasogeza uso hadi tunduni. Alikaa hapo muda mrefu.

"Sisikii kitu," alisema. "Lakini hata zamani sikusikia." Alimtazama Mama kutoka kule chini. "Mama, ipo au haipo?"

"Haipo."

"Na ilikuwepo?"

"Ilikuwepo."

Dada aliitazama mashine, ambayo ilikuwa bado imeandika vile vile, na feni yake inalia. Nilimwona anajaribu kuchagua, na nikamwonea huruma, kwa kuwa kila upande alioutazama kulikuwa na mtu wake.

"Basi haipo," alisema. "Na ilikuwepo. Zima hicho kitu, mwanangu, kinatupigia kelele."

Alinyoosha mkono nimwinue. Akavuta kiti akakaa, akavua viatu, akamuuliza Mama tunakula nini. Mama alisema wali wa nazi na maharage, akaweka sufuria jikoni, akafungua gesi na kuwasha kiberiti. Dada yangu alibaki amekaa, wala hakutaja Entebbe.